Chapa ya Ngamia Kwenye Karatasi ya Kura

Lodwar, Jumapili baada ya kanisa

Mama Arot, ejok, nakusalimu kwa lugha yetu.

Ningekuuliza habari za huko, lakini hutanijibu, na wewe hukupenda maswali ya bure. Basi nianze na zetu. Uchaguzi umeisha. Tumeshindwa. Nakuambia mapema kwa sababu mtu akizungukazunguka ulikuwa unamkata: "Sema, mimi nina vikapu vya kusuka."

Najua pia hukuwahi kusoma barua hata moja. Zote nilikusomea mimi. Hii nayo nitakusomea kwa sauti, hapa kwenye cherehani, mlango nimeufunga ili majirani wasiseme fundi ameanza kuongea peke yake.

Yaliyobadilika si mengi. Ofisi ya chama imepakwa rangi. Nafasi yako ya mwenyekiti wa akina mama amepewa mama mwingine, ana mkoba mkubwa na simu mbili, si mtu mbaya. Binti yako ameuza vikapu vyako vyote isipokuwa kile ulichoacha nusu. Hicho ninacho mimi, nimeweka vifungo ndani. Siku nyingine nikichukua kifungo nalia, siku nyingine nachukua tu kifungo.

Na nilikukasirikia, acha niseme. Presha ulikuwa unaambiwa kila siku, dawa ukazifunga kwenye leso kama pesa ya akiba. Ukaenda zako wiki tatu kabla ya mchujo, ile kura ya wenyewe kwa wenyewe ya kuamua nani atasimama kwa tiketi ya chama. Mwalimu Selina anataka uwakilishi wadi kule Kakuma, wewe ndiye uliyemsukuma astaafu asimame, halafu unaniachia mimi kazi yote. Hata siku ya kukuzika, pale kwenu nje ya Kakuma, nilikuwa nawaza: huyu mama ameniponza.

Unakumbuka ulivyonichukua? Ulileta gauni nikupunguzie mikono, ukaona naandika vipimo kwenye daftari, ukasema, "Wewe unajua kuandika na mimi najua kuongea. Twende." Sikuulizwa kama napenda chama. Miaka saba nimebeba daftari nyuma yako, Lodwar na Kakuma, juu ya malori, sipati hata nauli, na mume wangu akiniuliza hao watu wa chama wananilipa nini nacheka tu.

Sababu yako ulinieleza mara moja, tukisubiri lori, na hukurudia. Ulipopiga kura mara ya kwanza uliambiwa mtu asiyejua kusoma anasaidiwa. Ukasimama mbele ya msimamizi wa kituo, mawakala wa vyama wametega masikio, ukataja jina kwa mdomo wako. Wakala mmoja alikuwa shemeji yako. Kabla hujavuka laga, ule mto mkavu, kurudi nyumbani, habari ilikuwa imeshafika. Mzee wako hakukusemesha hadi mvua iliponyesha, na mvua ya Turkana tunaijua. "Nilivuliwa nguo mbele ya watu," ulisema. Halafu lori likaja.

Ndiyo maana ulitaka kila mama aingie kule ndani peke yake. Picha ya mtu ipo, alama ya chama ipo, kusoma kwa nini? Na ulivyowafundisha pale kibarazani kwa Nyandeng, yule mama wa Sudan Kusini anayeuza chai nje ya kambi ya wakimbizi! Ukawauliza, "Ngamia wako ukimtia chapa, unaenda kwanza kumwambia jirani?" Wakasema hapana. "Basi na hii karatasi ni ngamia. Mtie chapa unyamaze." Walicheka mpaka Nyandeng akaja na birika mkononi kuuliza kuna nini. Naye akataka karatasi ya mazoezi. "Mimi hapana kura hapa," alisema, "lakini mkono iko." Ukampa. Aliikunja mara nne akaiweka kifuani.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Ulipoondoka nilienda Kakuma peke yangu kumalizia mafunzo. Karatasi za mazoezi kutoka tawi hazikufika, na mimi nikaona, aa, maneno ya Mama Arot yanatosha. Nikawaambia vile vile: hii karatasi ni ngamia, mtie chapa unyamaze. Wakacheka vile vile. Nilichosahau ni kwamba wewe baada ya kucheka ulikuwa unamshika kila mmoja mkono na kumchoresha ile alama ya kalamu, mistari miwili iliyokatana, mara tano, mara kumi. Mimi nilifundisha kwa mdomo nikapanda lori. Mwenda bure si mkaa bure, lakini mimi nilienda bure kabisa.

Siku ya mchujo nilikuwa wakala wa Mwalimu. Jioni sanduku likamwagwa, msimamizi akawa anainua karatasi moja moja. Selina. Yule mwingine. Selina. Halafu akainua moja akaigeuzageuza. Juu ya picha ya Mwalimu kulikuwa na mchoro, mstari na upinde na vidoti viwili, umechorwa kwa uangalifu kama wa mtu anayeweka chuma cha moto. Chapa ya ukoo. Wakala wa upande wa pili, kijana wa hapo hapo Kakuma, akapiga makofi. "Hiyo ni ya nyumba ya fulani! Alama inayomtambulisha mwenyewe, kura imeharibika!" Na sheria iko naye. Ikatupwa kando. Ikaja nyingine, chapa tofauti. Ikaja nyingine. Mama Arot, zilikuwa kumi na saba, na kila moja yule kijana aliitaja nyumba yake kwa sauti. Wote waliokuwa ndani ya chumba kile walijua nani alimchagua nani. Wewe ulivuliwa nguo mara moja. Mimi niliwavua mama zako kumi na saba kwa siku moja.

Mwalimu alipenya kwa kura tatu. Watu wakaimba. Mimi nilitoka nje ya lile darasa la kuhesabia, sikuimba.

Kesho yake ningeweza kurudi Lodwar nikanyamaza. Walikuwa wamefurahi, mtu wao ameshinda, nani angewaambia? Lakini yule kijana mdomo wake haukuwa na mlango, na nikaona heri wasikie kutoka kwangu. Nikawaita kwa Nyandeng nikasema yote. Nilisema kura zao hazikuhesabiwa. Nilisema kosa si la Mama Arot, ni langu.

Ata Nang'olol akaguna. Unamjua, bibi yule mrefu asiye na meno ya mbele, mke wa tatu wa mzee Lomuria, anayekubishia hata ukimsalimia. Nikajua nimekwisha. Akasema, "Ile chapa niliweka si yangu." Nikamuuliza ni ya nani. "Ya mzee. Nilipoolewa niliingia kwa chapa yake. Ngamia ni yake, mbuzi ni yake, hata mimi ni yake. Lakini hii karatasi serikali ilinipa mimi." Akaninyooshea mkono. "Sasa leta ile yenu. Ile haina ukoo."

Wallahi, Mama Arot, miaka saba na wewe na sikuwahi kufikiria hivyo. Wewe je?

Nikabaki Kakuma siku tisa. Safari hii kalamu, karatasi, mkono kwa mkono. Cherehani ililala, wateja wakanitukana kwenye simu.

Niliporudi Lodwar mwenyekiti wa tawi akaniita. Alikuwa ameshasikia habari za kura kumi na saba na hakuwa na hasira, hilo ndilo lililonitisha. Alinikaribisha soda. Akasema siku ya uchaguzi mkubwa hatutaki mchezo. Kila mama wa Kakuma akifika mbele ya karani aseme hajui kusoma. Msimamizi atampigia kura yake, wakala wetu atasikia, hakuna kura itaharibika, na tutajua nani ni wetu na nani anakunywa chai yetu bure. "Ni wewe wanakusikiliza," akasema. "Waambie."

Mwalimu Selina alikuwa amekaa pale pale. Nikamwangalia, nikingoja aseme, hapana, hilo haliwezekani. Yeye ndiye alikuwa analia kwenye kaburi lako kuliko sisi wote. Akasema, "Akiru, ni siku moja tu."

Sitakudanganya kwamba nilikuwa shujaa. Nilitaka ashinde. Nilitaka kuona mwanamke wa kwanza kutoka wadi ile akiapishwa, nilishakata hata kitambaa cha gauni lake. Na mwenyekiti hakuwa mjinga: wakitaja kwa mdomo, hakuna atakayethubutu kutaja mwingine mbele yetu. Nikafungua kinywa niseme sawa. Nikamwona akilini Nang'olol ameninyooshea ule mkono. Nikasema, "Nimeshawafundisha. Siwezi kuwafundua."

"Tukishindwa ni juu yako," mwenyekiti akasema.

"Iwe juu yangu."

Soda niliimaliza, nikaenda zangu.

Siku yenyewe nilikuwa wakala ndani ya kituo. Mimi mwenyewe sikupiga kura, maana jina langu liko Lodwar. Cheka, najua ungecheka. Walianza kuingia asubuhi, shanga zimepakwa mafuta, kitambulisho mkononi. Karani akimwona mama mzee anauliza hata kabla ya salamu: "Unasaidiwa?" Na mmoja baada ya mwingine: hapana. Hapana. Ata Nang'olol alipoulizwa alimwangalia yule karani kutoka viatu hadi kichwa, akasema, "Wewe ukienda choo unasaidiwa?" Msimamizi alijifanya anakohoa. Bibi akachukua karatasi zake, akaingia nyuma ya lile boksi la kupigia kura. Akakaa huko, akakaa, mpaka watu wa foleni wakaanza kunung'unika. Akatoka, akatumbukiza moja moja kwenye masanduku yake, hakuniangalia.

Wakati wa kuhesabu nilisimama karibu na meza. Msimamizi akainua ya kwanza. Mistari miwili, imekatana. Ya pili, hivyo hivyo. Zote, Mama Arot, hakuna chapa hata moja. Nyingine mistari imetetemeka, nyingine imebonyezwa hadi karatasi karibu itoboke, lakini hazina ukoo. Yule kijana wa mchujo alikuwa pale tena, safari hii wakala wa mgombea mwingine, shingo ameirefusha, hakupata hata nyumba moja ya kutaja. Nilitafuta ya Nang'olol kwa macho. Sikuijua.

Lakini hesabu yetu naijua. Akina mama tuliowafundisha kwa kituo kile, majina yao yako kwenye daftari langu. Kura za Mwalimu zilikuwa chini ya hapo. Si moja, si mbili. Kuna waliokunywa chai yetu, wakashikwa mkono na mimi, wakaingia kule ndani wakaweka mistari yao miwili kwa mtu mwingine. Na Mwalimu ameshindwa kwa kura chache, zile zile zingetosha.

Mwenyekiti alinipigia usiku huo huo. "Ni nani?" Nikamwambia sijui. "Una majina, una macho, umeishi nao. Ni nani?" Sijui. Ilikuwa kweli, na nilichukia kwamba ilikuwa kweli. Tangu siku ile Mwalimu ananipita kanisani kama nguzo. Kitambaa chake bado kiko hapa, kimekatwa, hakifai mwili mwingine. Naumia. Sitasema siumii.

Juzi nilienda Kakuma kumsalimia Nyandeng, na kupita kwako nikapanga mawe yaliyosogezwa na mbuzi. Narudi stendi, nani ananishika bega, Ata Nang'olol, ametoka soko la mifugo. Tukasalimiana mpaka mwisho, mvua, watoto, wanyama. Halafu akanivuta kando ya kibanda, akainama, mdomo karibu na sikio langu. "Mtoto wangu," akasema, "wewe umelaumiwa sana kwa sababu yetu. Acha nikuambie mimi niliweka wapi."

Mama Arot, nilitaka kujua. Mungu ananiona, nilitaka. Kama ni kwa Mwalimu, ningerudi Lodwar nimepona. Kama si kwake, angalau ningekuwa na mtu wa kumchukia.

Nikamziba mdomo kwa mkono wangu. Bibi mzima, stendi, watu wakatuangalia.

"Usiniambie, Ata."

Akautoa mkono wangu polepole, akacheka na zile fizi zake, akaenda zake.

Basi nakuaga. Kura zikirudi nitarudi kwa Nyandeng na kalamu, chama kikinitaka au kisiponitaka, na nitawashika mkono mmoja mmoja mpaka mstari ukae. Ninakuahidi sitamuuliza hata mmoja wao. Pumzika, mama. Kazi yako ya kuongea nimeichukua, na ya kunyamaza pia.

Ni mimi mwandishi wako,
Akiru