Firigisi Mezani kwa Mjomba

Nafula mwanangu,

Kakamega mvua inanyesha kila alasiri, na chakula ni kingi. Jana mezani kwa mjomba wako kizunguzungu kilinishika tena, nikazimia. Nilipozinduka, mkewe alikuwa ameniondolea kuku na kuniwekea uji.

"Mimi nataka firigisi," nikasema.

Mjomba wako akashtuka. "Dada, hiyo ni ya wanaume!"

"Basi mwanaume anywe uji."

Nikaitafuna yote, nyumba ikinizunguka.

Sasa nakiri: kabla ya safari daktari aliniambia mishipa yangu ya fahamu inaharibika, hajui kwa nini, na huenda nisirudi. Nilikuficha ili usinizuie. Usije kunichukua. Jumamosi tunaenda kutazama fahali wakipigana. Nakupenda sana. Ukisikia nimeanguka huko, ujue nilikuwa nikishangilia.

Mama yako