Waliomwitikia Mheshimiwa

Mama Naserian mpendwa,

Rehema za Bwana zikufunike huko ulikolala. Nakuandikia kutoka Kitengela, katika nyumba uliyoniachia, kuhusu kwaya yako.

Utakumbuka ukame ule wa Mashuuru, tulipokusanyika kuomba mvua kando ya bwawa lililokauka. Mimi nilitamka ombi moja moja, nawe na akina mama mkaitikia kila ombi, "Naai", kama Wamaasai walivyomwita Mungu tangu zamani. Baadaye uliniambia, "Usiharakishe, Baba Naserian. Waache kwanza neno liwafike moyoni." Tangu siku hiyo nimeomba polepole.

Sasa binti yetu ndiye anayeiongoza kwaya. Majuzi nilimfuata kwenye mkutano wa kampeni Kajiado. Mheshimiwa, yule anayegombea kiti, alipanda jukwaani amejifunga shuka nyekundu, ameshika fimbo ya wazee, ilhali hajui hata kuchunga mbuzi.

"Nitawaletea lami."

"Naai," wakaitikia akina mama wa kwaya.

"Wanaonipinga waaibike."

"Naai."

Naserian aliinua mkono kuwaongoza, na umati ukashangilia. Sikuona hata mmoja aliyeshtuka.

Jioni nilimuuliza kama anakumbuka jina hilo ni la nani.

"Baba, hiyo ni kuigiza tu. Kura ni ya mtu mwenyewe. Na hawa wamama wako na watoto wa kulisha."

Mama Lemayian, yule rafiki yako aliyekuuguza, akaongeza akitabasamu, "Mzee, wewe ukiomba maji, tunangoja. Huyu tukimwitikia, lori la maji linafika kabla ya giza."

Na lori lilifika, mke wangu.

Jumapili nilisimama kanisani kuombea malisho. Sauti za kwaya zilikuwa tamu kuliko enzi zako, zimepangwa barabara, na mikono ikainuka kwa pamoja kama kule jukwaani. Nilinyamaza kabla ya kulimaliza ombi.

Wakaitikia hata ukimya wangu.

Nimemsihi mchungaji amkabidhi mzee mwingine sala hiyo. Siku hizi naomba chumbani peke yangu, wala sijui kama nasikika. Ukiwa karibu na kiti cha enzi, mtajie Bwana jina la binti yetu, maana mimi nimeishiwa na maneno.

Wako katika majonzi,
Mumeo, Baba Naserian