Hasira Inayojua Kuchagua

Dada yangu,

Hapa buchani hatujambo. Mashine ya kukatia mifupa imetengenezwa, na mvua imepungua. Najua wifi yako yuko kwako, na mkono wake bado una plasta.

Siku ile msimamizi alinizaba kofi mbele ya wateja. Nikaufyata, nikaendelea kukata nyama. Nilipofika nyumbani, wifi yako aliniuliza tu, "Mbona umenuna?" Nikaukamata mkono wake, nikaupinda mpaka nikausikia ukivunjika. Wanangu walikuwa mezani, vijiko mdomoni.

Sasa nakwenda kwa mshauri wa pale zahanati, mama mmoja mpole. Aliniuliza, "Kwa nini hukumpiga msimamizi?"

"Angenifukuza kazi."

"Kumbe hukupandwa na wazimu, baba. Hasira yako ilijua kuchagua."

Nikanyanyua kiti nimponde nacho. Ndipo nikamwona alivyo mdogo wa umbo, amejikinga uso kwa daftari, nikajua nimechagua tena. Nikakiweka chini, nikalia kama mtoto.

Nitaendelea kwenda. Lakini nikija kumchukua mke wangu, Dada, hata nikipiga magoti, usinifungulie.

Mdogo wako uliyembeba mgongoni