Miguu Iliyooshwa Nyumbani

Sabato jioni, 14 Machi 1970

Bado nacheka, ingawa kicheko chenyewe kinauma.

Leo tulikuwa na kuoshana miguu kabla ya Meza ya Bwana. Kama kawaida yangu, asubuhi niliisugua miguu yangu nyumbani kwa jiwe na sabuni mpaka magaga ya visigino yakatulia, nikapanda kilima cha Nyanchwa kwenda kanisani nikikwepa matope kama bibi harusi. Mwenzangu alikuwa Onchari, muuza ndizi wa soko la Daraja Mbili. Akaushika mguu wangu, akaugeuza.

"Mwalimu, huu umeshaoshwa. Sasa mimi umeniachia nini?"

Wazee wakacheka. Nami nikacheka.

Miaka kumi na tisa nafundisha kanisani kwamba Mungu anatupenda jinsi tulivyo. Mimi mwenyewe humwendea nikiwa nimeshajisugua. Natamani sana kujua inakuwaje, kupendwa ukiwa na matope yako.

Nilipomwosha Onchari, maji yaligeuka mekundu kwa matope, naye alikaa ametulia kama mtoto anayeogeshwa na mama yake. Nilimwonea wivu.

Ee Bwana, tutaoshana tena baada ya miezi mitatu. Nitakuja na magaga yangu. Nisaidie tu nisijioshe njiani.