Utando wa Chiriku

Mdogo wangu,

Natumai barua hii itakukuta salama, na goti lako limeacha kulalamika. Kama halijaacha, kosa ni lako. Nilikwambia usipige deki umechuchumaa. Mimi mzima, nakula, nalala. Moyo tu ndio umeshika kutu.

Mjukuu wetu Chiriku, yule wa maabara, alileta chujio lake nyumbani mwezi uliopita. Ni bomba la plastiki, na ndani yake mna utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Anasema wameuchanganya na chembe ndogo mno, hata ukipasua unywele mara elfu hujazifikia, nazo huyavuta maji yapite na kuviacha vijidudu mlangoni. Nikamwambia kitu kisichoonekana hata mganga wa uongo anacho. Akacheka. Akalifunga jikoni kwangu, kando ya mtungi wangu, ili alijaribu kwa maji ya kisima chetu kabla wakubwa wake hawajaja Ijumaa hii kuamua kama kazi yake ya mwaka na nusu iendelee au itupwe.

Mtungi wangu unaujua: mchanga, mkaa, kokoto. Miaka sitini mtaa huu umekunywa kwa mkono wangu. Basi fundi cherehani, niliyemnywesha tangu hajaota meno hadi sasa yanamtoka, alikuja na ndoo yake akaupita mtungi kama kaburi la mtu asiyemjua. Akaniambia eti, bibi, maji ya mjukuu wako hayana ladha ya mkaa. Uzee wote huo, leo ndiyo kaigundua ladha ya mkaa. Wengine wakamfuata. Wiki mbili kata yangu haikulowa. Nikawa nakaa jikoni mwangu kama mgeni anayesubiri kuagwa.

Jumatatu maji ya chujio yakaanza kudondoka kwa kusuasua, utando umeshika utelezi. Chiriku aliniagiza nisiuguse. Atakaporudi atasukuma maji kinyumenyume, uchafu utoke wenyewe. Alipotoka tu, nikaufungua, nikausugua kwa majivu na waya wa sufuria, kama ninavyosugua vyombo vyangu. Jioni maji yakatoka kwa kasi, majirani wakasifu. Asubuhi yakatoka na tope la kisima.

Leo Jumatano, na mtoto hali chakula. Anasema chembe zimegandamana, kakosea kuchanganya, na kesho atamwandikia mkuu wake kwamba anajitoa. Mimi naosha vikombe vilivyokwisha oshwa.

Usinitetee, mdogo wangu, kwamba mzee hakuelewa. Nilielewa. Ningekuwa nimekosea bila kujua, ningesema siku ileile. Nilimwonea wivu mtoto niliyemfunga nepi kwa mikono hii, na kwa mikono hii nikamharibia.

Nilitaka kumwambia uso kwa uso, ulimi ukagoma. Kiburi changu unakijua, ulikula makofi yake utotoni.

Msalimie shemeji, na watoto wote wanaonikumbuka. Wasionikumbuka waache. Bahasha siibandiki. Chiriku ndiye anayenipelekea barua posta, na tangu mdogo macho yake hayana adabu kwenye barua za watu.

Haya, wewe unayesoma yasiyokuhusu: mchanganyiko wako hauna kosa, ni bibi yako aliyeuchubua utando. Usimwandikie mkuu wako upuuzi. Funga mwingine, kisha ule. Chakula chako nimekifunika. Na ndoo ya kwanza nitakinga mimi, fundi cherehani akiona.

Ni mimi dada yako, mwenye mtungi.