Bastola Iliyonyamaza

Na uliposema kwenye simu kwamba bastola yako ndogo ya kulengea shabaha ilifanya 'kap' tu bila kulia, nawe ukaigeuza kuchungulia mdomo wake, furaha yangu yote ilizimika, Elia mjukuu wangu. Ndiyo maana nakuandikia barua hii. Mama yako huko Louisville hajambo, nami bibi yako hapa Buffalo bado ni bi harusi wa uzeeni. Jana mzee wangu, mume wangu mpya, alinishika mkono tukitembea Grant Street nzima.

"Watu wanatuona," nikamwambia.

"Acha waone wivu!"

Usinune, wewe utabaki mume wangu mdogo.

Unauliza ulikosea wapi. Sisi wa Burundi tulizoea kuamini kwamba bunduki ikinyamaza ni nafuu. Nikiwa msichana, mimi na kaka yangu tulijificha migombani wakati wa vita. Bunduki ya mmoja wa waliotuwinda ikafanya 'kap', ikanyamaza. "Imekataa, tukimbie!" akaninong'oneza, akasimama. Haikuwa imekataa, risasi ilikuwa imechelewa tu kutoka. Mengine siyaandiki.

Kwa hiyo ikinyamaza tena, usiishushe wala kuigeuza. Iache imeelekea kwenye shabaha, sali Baba Yetu taratibu mpaka mwisho, ndipo utoe magazini, kile kikasha cha risasi, na ile risasi iliyokataa. Mzee wangu, aliyewahi kuwa askari, anasema risasi hizo ndogo hukataa mara kwa mara, na uchafu huongeza tatizo hilo. Isafishe, kisha jaribu risasi za aina nyingine.

Lakini usiende kulenga kabla hatujaja huko kwako Columbus. Mwezi huu hautaisha kabla hatujafika. Nataka kuushika uso wako kwa mikono yangu, niamini kwamba u mzima.