Usukani Mzito wa Mama Neema

Jumapili, Malvern

Bado namwona mke wangu kwenye video ya simu, amepiga magoti kwenye theluji kule Kanada, simu yake ameiegemeza kwenye ndoo. Pikipiki ya theluji anayoendea kazini ilikuwa inamuumiza mabega, usukani mzito. Mimi natengeneza pikipiki hapa Jules Street. Ya theluji sijawahi kuigusa, lakini springi ni springi.

Nikamwambia, "Legeza springi za mbele, juu ya vile vibao viwili vya kutelezea. Pande zote sawasawa."

Akalegeza, akapanda, akaondoka. Nikabaki naangalia ua mweupe mtupu, simu nimeishika kwa mikono miwili.

Akarudi anacheka. "Papa Neema, sasa usukani ni mwepesi. Ukifika, nitakubeba nyuma."

Nikamwambia sawa. Habari ya viza yangu, ambayo bado haijatoka, hakuna aliyeigusa.